Kiwiko Kinaitwaje? Nomino na Maisha Yetu Alexandra

Tuko Alexandra, kaskazini mwa jiji la Johannesburg. Safari hii tumeona tuandike kuhusu nomino. Tunajua wapo watakaoguna. Wengi wetu ngeli tulizisoma shuleni kwa kukariri, M-WA, M-MI, KI-VI, JI-MA, mtihani ukaisha, tukazifungia kabatini pamoja na madaftari. Lakini hapa tulipo zimefunguliwa tena, na mtahini wa huku hatoi alama. Katika mitaa hii kuna mtu aliyepona na kuna mtu aliyepigwa kwa ajili ya nomino moja tu, tena ya kiungo cha mwili ambacho hakuna anayekifikiria isipokuwa akikigonga kwenye kona ya meza.

Kwanza tuwaeleze mahali penyewe. Alex, kama wenyeji wanavyopaita, ilianza 1912. Mwenye shamba, H. B. Papenfus, aliipa jina la mkewe. Kwa kuwa ilitangulia Sheria ya Ardhi ya 1913, ilikuwa mojawapo ya sehemu chache mno ambazo Mwafrika aliweza kumiliki kiwanja kwa hati yake mwenyewe. Nelson Mandela alipanga chumba hapa alipoingia Johannesburg mwanzoni mwa miaka ya 1940. Kwa muda mrefu hapakuwa na umeme, ndiyo maana watu waliiita Dark City, yaani Mji wa Giza. Ng'ambo ya barabara kuu ya M1 kuna Sandton na maghorofa yake ya vioo. Upande wetu kuna vibanda vilivyobanana hadi ukingoni mwa mto Jukskei. Katika eneo hilo dogo utasikia Kizulu, Kisepedi, Kitsonga, Kivenda, Kixhosa, Kitswana, na lugha ya vijana inayochanganya zote.

Sisi Waswahili wa hapa hatuko wengi. Yupo fundi cherehani wa Tanga, kinyozi wa Bukavu, fundi magari wa Mombasa, mama lishe wa Kigoma, na wengine wanaokuja na kuondoka. Jumamosi jioni, kinyozi akishafunga, tunakaa nyuma ya kibanda chake, tunapika ugali na maharage na kuzungumza. Mazungumzo huanza na bei za vitu na nauli, na aghalabu huishia kwenye maneno.

Mgeni anayetoka kwetu akifika hapa, baada ya wiki mbili tatu masikio yake humdanganya vizuri. Anadhani ameshajua Kizulu. Sisi tunasema mtu na watu, wao wanasema umuntu na abantu. Jirani wa Kisepedi atakwambia motho na batho, wa Kitsonga munhu na vanhu, wa Kivenda muthu na vhathu. Nyama ni inyama, na kwa Kisepedi ni nama. Mbuzi ni imbuzi, nyoka ni inyoka, ndovu ni indlovu, kuni ni izinkuni, maji ni amanzi. Mti ni umuthi, na hapo hapo neno hilo lina maana ya dawa, jambo ambalo yeyote aliyekunywa mizizi ya bibi yake hahitaji kuelezwa. Na ule ubuntu ambao dunia nzima imejifunza kuutaja, ulioandikwa hata katika Katiba ya mpito ya Afrika Kusini ya 1993, ni utu wetu sisi, neno kwa neno. Mama lishe alipolitambua hilo alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Alidhani ni falsafa ngumu ya maprofesa, kumbe ni kitu alichokuwa akiambiwa na mama yake kila alipokataa kumpa mwenzake kipande cha muhogo.

Tazama lakini ile irabu ya mwanzo. Kizulu hakikubali kuanza nomino bila irabu, ndiyo maana ni u-muntu, a-bantu, i-nyama. Kiswahili kimeiacha zamani, nasi tunaingia kwenye neno moja kwa moja kama mtu anayeingia nyumbani bila kubisha hodi. Ni kitu kidogo sana, lakini Mswahili hujulikana kwa hicho. Hata akiwa amekaa hapa miaka kumi na anajua maneno yote ya sokoni, akichoka au akiogopa, ile irabu humtoroka.

Na udugu huu wa maneno una mitego. Gogo kwetu ni kipande cha mti kilichoanguka; hapa ni bibi mzaa baba au mzaa mama, na ni lazima umwite hivyo kwa adabu. Fundi wetu wa Mombasa alisitasita kwa mwezi mzima kabla ya kuthubutu kumwita mama mwenye nyumba gogo, akihofu kufukuzwa. Halafu kuna moja. Kijana wa Alex ukimwuliza hali atakujibu kwamba ni moja, maana yake safi, poa. Hata serikali ilikuwa na kampeni ya kuwakinga vijana na dawa za kulevya iliyoitwa Ke Moja, yaani niko sawa. Kinyozi wetu alipoona maneno hayo kwa mara ya kwanza aliuliza: moja ni moja, na mbili iko wapi?

Mwenzetu mmoja aliyekuwa nasi hapa sasa yuko Cardiff, nchi ya Wales, anafanya kazi katika nyumba ya kulea wazee. Kwa kuwa ulimi wake haujui kupumzika, ameanza kujifunza Kiwelshi, na kila akigundua jambo hutuletea ujumbe. Mambo yake mawili yametukalisha hadi usiku. La kwanza ni shule. Wazulu walipolichukua neno la Kizungu lenye sk mwanzoni, ulimi wao haukulipenda, wakatanguliza irabu, likawa isikole. Kisha ile isi- ikafanana na kiambishi chao cha ngeli, basi wingi ukawa izikole. Ndivyo walivyofanya pia kwa duka, isitolo na izitolo, na kwa kijiko, isipunu na izipunu. Nasi ndivyo tulivyofanya kwa kitabu. Waarabu walituletea kitab, ambamo ki- ni sehemu ya shina lenyewe. Sisi tukaiona ki-, tukasema hii tunaijua, tukatoa vitabu. Mwarabu akisikia vitabu anaweza kushangaa, lakini neno likishavuka mlango wako linavaa nguo za nyumbani kwako. Na Wawelshi? Miaka mingi kabla yetu sote walilichukua neno la Kilatini schola, nao ulimi ukakataa, wakatanguliza irabu: ysgol. Shule yetu ya bara tuliipata kwa Wajerumani, skuli ya Zanzibar kwa Waingereza, na zote ukoo wake ni huo mmoja.

Jambo la pili ni dirisha. Letu lina asili ya Kiajemi. Wazulu wanasema ifasitela, kutoka venster la Makaburu, ambalo lilitoka fenestra la Kilatini. Wawelshi wanasema ffenestr, kutoka fenestra lile lile. Kwa hiyo bibi wa kizee wa Cardiff anayemwomba mwenzetu afunge dirisha, na gogo wa hapa anayemkaripia mjukuu kwa kulivunja, wanatamka watoto wa neno moja na hawatakutana kamwe. Fundi cherehani alisema ndiyo maana hapendi kusikia mtu akijisifu kwamba lugha yake ni safi. Meza yetu ni ya Wareno, dirisha la Waajemi, kitabu cha Waarabu, shule ya Wajerumani. Ukiondoa vya wageni vyote, utakaa chini sakafuni gizani.

Hata mahindi, chakula tunachodhani kimezaliwa nasi, jina lake linasema ni kitu cha Uhindini, ingawa mmea wenyewe ulitoka Amerika. Shina ni moja, ngeli ndizo mbalimbali: ukiliweka kwa watu unapata Mhindi na Wahindi, ukiliweka upande wa matunda na mazao unapata hindi na mahindi. Waingereza nao walifanya hivyo kwa njugu moja kubwa iliyotoka nje. Jina lake, walnut, asili yake ni njugu ya wageni. Na neno hilo la wageni ndilo lile lile walilowapa Wawelshi.

Hapo mwenzetu wa Cardiff ndipo alipotunyamazisha. Jina Welsh, alituandikia, si la Wawelshi wenyewe. Wao hujiita Cymry, na asili yake ni watu wa nchi moja, wenzetu. Ni Waanglo-Saksoni waliohamia kisiwani kutoka ng'ambo ya bahari ndio waliowaita wealh, yaani mgeni. Fikirini, ndugu wasomaji. Mwenyeji aliyekuwapo kabla yako, unafika kwake kwa mashua, unamwita mgeni, na jina hilo linamganda miaka zaidi ya elfu moja mpaka linaandikwa kwenye ramani.

Sisi hapa Alexandra jina letu tunalijua. Ni makwerekwere. Halina shina la maana yoyote. Ni mwigo wa sauti, kwere-kwere, jinsi maneno yetu yanavyosikika kwa asiyeyaelewa. Wagiriki wa kale nao waliwaita wasiojua Kigiriki barbaros kwa mwigo kama huo. Mtu anayekuita hivyo anakwambia kwamba kinachotoka kinywani mwako si lugha, ni kelele. Na tazama ngeli yake. Katika Kisepedi na lugha ndugu zake, mtu wa nyumbani hukaa katika mo- na ba-: Mosotho, Basotho, motho, batho. Lakini Mzungu ni lekgowa, wengi makgowa. Mndebele ni letebele, matebele. Na sisi ni lekwerekwere, makwerekwere. Tumewekwa katika ngeli wanamokaa pia mawe na mayai. Tuseme haki: kwa Kizulu ama- si tusi peke yake, maana wenyewe hujiita amaZulu. Lakini jirani yetu mama wa Kizulu, anapotaka kutuheshimu mbele ya watu, hasemi ama- chochote. Husema abantu baseTanzania, watu wa Tanzania. Hutuhamisha ngeli, nasi huisikia tofauti hiyo kifuani kabla hata hatujaitafsiri.

Wala Kiswahili hakina mikono mitupu. Tunajua kumgeuza mtu kuwa jitu, kijitu na majitu. Pwani ya Kenya kuna wakuja, Unguja kuna machogo, na neno Mswahili lenyewe huko Bara likisemwa kwa sauti fulani ni tusi tosha. Hilo nalo ajabu, kwa kuwa Mswahili ni mtu wa pwani tu: Waarabu husema sahil kwa pwani moja na sawahil kwa nyingi, kwa hiyo jina letu lilianza likiwa wingi.

Kuna jambo moja katika sarufi yetu ambalo fundi cherehani hulirudia kila mara, na tunadhani ana haki. Kiswahili humpa mtu umbo la ngeli yoyote, lakini kwenye kitenzi hutazama uhai. Hatusemi kijana kimekuja, tunasema amekuja. Hatusemi majirani yamefika, tunasema wamefika. Rafiki na jirani ni maneno ya Kiarabu, na wingi wake tunauweka kwenye ma-, pamoja na mawe na mayai; jirani hata Kiarabuni tayari ni wingi, nasi tukaongeza wetu juu yake. Lakini likifika suala la kitenzi, jirani ni mtu na anapewa a- na wa- kama mtu. Katika Kizulu, kwa kawaida kitenzi hufuata umbo la nomino bila kuuliza kama ina uhai. Hatusemi kwamba sarufi humfanya mtu awe mwema, tungekuwa tunajipendekeza. Tunasema tu kwamba njia imo humo ndani ya lugha, kwa anayetaka kuipita.

Yapo pia maneno yaliyotoka kwetu pwani yakaja huku na kuwa sumu. Kafiri kwetu ni neno la dini. Wareno waliokuja na majahazi yao walilisikia kwa wafanyabiashara wa Kiislamu wa pwani yetu, wakalichukua kama jina la Waafrika, likapita kwa Waholanzi na Waingereza, na hapa Afrika Kusini likawa tusi baya kuliko yote ambayo Mzungu alimtupia mtu mweusi. Mzee mmoja wa Tanga, msomaji mzuri wa dini, alipotutembelea tulimwomba, kwa heshima zote, asilitamke neno hilo barabarani hata katika mawaidha. Hakuelewa mpaka tulipomweleza, na alipoelewa alikaa kimya muda mrefu.

Na lipo Bantu. Wilhelm Bleek, mtaalamu Mjerumani aliyefanya kazi Cape Town, alilieneza kama jina la jamii ya lugha zetu katika kitabu chake cha sarufi kilichoanza kutoka 1862. Lilikuwa neno zuri, maana yake watu. Ndiyo sababu Steve Biko alipozaliwa 1946 wazazi wake walimwita Bantu Stephen. Kisha serikali ya ubaguzi ikalibandika kwenye kila kitu cha kumdunisha mtu mweusi: elimu duni ikaitwa ya Bantu kwa sheria ya 1953, ofisi za pasi na za makazi nazo zikapewa jina hilo. Sisi tuliosoma Afrika Mashariki tunasema sisi Wabantu bila wasiwasi, na hatuoni hata kwamba tumeweka wingi juu ya wingi, wa- juu ya ba-. Mzee wa Alex akikusikia, uso wake hubadilika. Kwake neno hilo lina mhuri na foleni.

Sasa tufike kwenye kiwiko. Tarehe 11 Mei 2008 usiku, hapa hapa Alexandra, yalianza mashambulizi dhidi ya wageni yaliyosambaa katika Gauteng yote, kisha Durban na Cape Town. Walikufa watu 62, na maelfu kwa maelfu walikimbia makazi yao. Wengi wa hapa walikimbilia uwanja wa kituo cha polisi. Katika siku zile makundi ya vijana yaliwasimamisha watu njiani na kuwapima. Kipimo kilichojulikana kuliko vyote kilikuwa kuonyeshwa kiwiko na kuulizwa kinaitwaje kwa Kizulu. Jibu ni indololwane. Ni neno ambalo mgeni hana sababu ya kulijua. Maji utayajua, mkate, nauli, bei, pole na asante utajua. Lakini nani atakufundisha kiwiko?

Kinyozi wetu alisimamishwa karibu na London Road. Yeye alilijua, kwa sababu kazi yake ni kukaa na watu, na mteja mmoja aliyekuwa na jeraha kiwikoni alimfundisha. Alilitamka na irabu yake mbele, wakamwacha. Mpangaji wa chumba cha jirani hakulijua. Alikuwa Mtsonga wa Limpopo, raia wa Afrika Kusini, mwenye kitambulisho cha kijani mfukoni, na kwao hawasemi Kizulu. Walimvunja mkono. Hakuwa peke yake: kati ya wale 62 waliokufa, 21 walikuwa raia wa nchi hii. Tunapomsikia mwenzetu wa Cardiff akieleza habari za Wawelshi, sisi tunamwona jirani yule, mwenyeji aliyeitwa mgeni kwao.

Wasomaji Biblia wanakumbuka Waamuzi sura ya 12, jinsi watu wa Gileadi walivyoshika vivuko vya Yordani na kuwapima Waefraimu kwa neno shibolethi. Waefraimu hawakuweza kuitamka ile sh, na wakafa 42,000. Neno moja, kivuko kimoja. Kilichotuuma sisi zaidi ni kwamba tulipokaa baadaye kuzungumza, tuligundua kuwa hata sisi kwa sisi tusingefaulu. Mtu wa Tanga alisema kiwiko. Fundi wa Mombasa alisema ni kisugudi. Mwenzetu wa Nairobi alisema shuleni kwao ni kisukusuku. Wengine waliamini kiwiko ni kifundo cha mkono, pale inapovaliwa saa. Tulibishana nusu saa, Waswahili watupu, juu ya kiungo kile kile. Lau tungetahiniana sisi wenyewe kwa panga, asingebaki mtu wa kusimulia.

Usiku ule baadhi yetu tulilala kwa mzee mmoja wa mtaani, mwenyeji wa Alex. Miaka ya 1980 alikuwa mkimbizi wa ANC, akakaa Mazimbu, Morogoro, kwenye chuo cha Solomon Mahlangu kilichojengwa katika ardhi waliyopewa na Tanzania. Alirudi baada ya chama chake kufunguliwa 1990. Kiswahili chake kimechakaa, ngeli zimechanganyika, lakini alifungua mlango na kusema, "Karibuni ndani, wageni yangu." Mwalimu angemsahihisha. Sisi hatukuona kosa lolote.

Mambo hayakuishia 2008. Aprili 2015 raia wa Msumbiji aliuawa mchana kweupe hapa Alexandra, mbele ya mpigapicha. Magazeti yalimwita Emmanuel Sithole. Baadaye ikaelezwa kuwa jina lake halisi ni Manuel Jossias, na hilo la kwanza lilikuwa la kujificha. Mwanzoni mwa 2022 vikundi vilivyojiita kwa neno dudula, ambalo ni kitenzi cha Kizulu cha kusukuma nje, viliwaandama wafanyabiashara wageni katika maduka ya Pan Africa hapa hapa. Na katika miaka hiyo hiyo lugha yetu ilikuwa ikikaribishwa kwa shangwe. Mwaka 2018 serikali ya Afrika Kusini ilitangaza kwamba Kiswahili kitakuwa somo la hiari shuleni kuanzia 2020. Agosti 2019 SADC ilikifanya lugha yake rasmi ya nne, na Novemba 2021 UNESCO ikaitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani. Tulifurahi, nani asingefurahi? Lakini mama lishe aliuliza swali ambalo hadi leo hatujalijibu: kama Kiswahili kinakaribishwa shuleni, kwa nini mimi naogopa kukisema kwenye teksi?

Swali hilo ndilo linalotugawa sasa, kwa sababu ya watoto. Wamezaliwa hapa. Indololwane wanaitamka kama kunywa maji, na irabu haiwatoroki. Kiwiko hawakijui. Baadhi yetu wanasema vizuri, waacheni, ulimi wao ndio pasi yao; mzazi anayemfundisha mwanawe Kiswahili anampaka alama usoni. Wengine wanasema mtoto asiyeweza kuzungumza na bibi yake kwa simu amesukumwa nje ya nyumba moja bila kuingizwa katika nyingine. Kila upande una hoja, na kila upande una hofu.

Jirani yetu mwenye duka, Mwafar wa Asaita huko Ethiopia, husikiliza mabishano haya akitabasamu kwa huzuni. Lugha yake huitwa Qafar af, na af ni kinywa. Kwao, alitueleza, baadhi ya nomino za kiume na za kike hutofautiana kwa mkazo tu: báxa ni mwana wa kiume, baxá ni binti. Ni kama sisi tunavyosema barabara tukikaza silabi ya pili kutoka mwisho kwa njia ipitayo magari, na barabara tukikaza nyuma zaidi kwa jambo lililofanyika sawasawa. Binti yake mdogo, mzaliwa wa hapa, hawezi kuusikia mkazo huo. Kila akijitaja kwa lugha ya baba yake, hujiita mwana wa kiume. Baba humsahihisha, mtoto hurudia vile vile, wote wawili hucheka. Lakini siku moja duka likiwa tupu alituambia kwamba akisikia hivyo hujua ni kitu gani kinamwishia mikononi.

Mwenzetu wa Cardiff alipopelekewa habari hiyo alijibu kwa nomino nyingine. Kwa Kiwelshi, alisema, neno la msingi ni plant, watoto, na ukitaka mtoto mmoja lazima uongeze kitu mwishoni, plentyn. Adar ni ndege wengi, aderyn ni ndege mmoja. Wanaanza na kundi, kisha wanamchomoa mmoja. Nasi tunazo: nywele kwanza, kisha unywele. Na hilo plant nalo walilitoa kwa Kilatini, planta, chipukizi la kupandwa.

Basi tumeamua hivi, na si wote waliokubali. Kila Jumamosi saa nane mchana, kabla ya wakubwa kukutana, watoto wanane wanakaa nyuma ya kibanda cha kinyozi. Fundi cherehani huwafundisha viungo vya mwili kwa safu mbili ubaoni, Kiswahili upande mmoja na Kizulu upande wa pili, na binti wa mwenye duka huongeza ya kwao akiyakumbuka. Wawili kati ya watoto ni wa majirani Wazulu; mama yao ndiye aliyewaleta, akasema wakikua huenda wakafika Dar es Salaam na wao watakuwa wageni huko. Mama lishe bado haleti wanawe, lakini huleta maandazi, ambayo watoto wanayaita amagwinya, na hukaa kusikiliza mpaka mwisho.

Tumekwama kwenye neno moja. Ubaoni, upande wa Kiswahili, mbele ya indololwane pana nafasi tupu, maana Tanga na Mombasa hawajakubaliana na Nairobi haijashindwa. Kwa hiyo tunawaomba ninyi wasomaji wetu wa Muscat, Leicester, Minneapolis, Goma na kokote mliko: tuandikieni kupitia mhariri, mtuambie kiwiko kwenu mnakiitaje. Tutayaandika yote.